Kivuko Kilicho Ndani ya Mama: Chakula cha Mjamzito na Ukuaji wa Mtoto Tumboni

Haya ni maneno ambayo afisa wa lishe wa kaunti ndogo aliwaambia wakazi katika baraza la afya ya mama na mtoto. Tunayachapisha ili hata wale ambao hawakufika wayapate.

Nimefurahi kuwaona wanaume wengi leo. Mada ni chakula cha mama mjamzito, lakini si mazungumzo ya wanawake peke yao. Kabla hatujamaliza mtaona kwa nini.

Nianze na hesabu inayotuhusu sote. Mwaka 2022 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya. Hapa Kilifi, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 37 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Kwa nchi nzima ni 18. Hakuna kaunti iliyotupita.

Tukisikia hivyo, tunafikiria uji wa mtoto, maji machafu na kuharisha. Ni kweli, hayo yote yamo. Lakini watafiti wanakadiria kwamba katika nchi zenye kipato kidogo na cha kadiri, karibu sehemu moja kati ya tano ya udumavu huanza kabla mtoto hajazaliwa. Mtoto huyo hajaonja uji wala hajanywa maji ya kisima, lakini tayari amebaki nyuma. Leo nataka tuzungumze juu yake.

Kliniki nasikia maneno matatu tena na tena. La kwanza: "Mtoto atachukua chake tu, hata nikila kidogo." La pili: "Nikila sana mtoto atakuwa mkubwa, nitapasuliwa." La tatu: "Tumbo bado halijaonekana, nitaenda kliniki baadaye." Wanaosema hivi si wajinga. Ni maneno waliyoyarithi, na ndani yake mna hofu ya kweli. Lakini yote matatu yanamuumiza mtoto, na sababu yake iko kwenye kiungo kimoja ambacho wengi wetu tunakiona mara moja tu, siku ya kujifungua, kisha tunakizika. Nacho ni kondo la nyuma, ambalo wengine huliita zalio.

KONDO NI KIVUKO

Wazee mnakumbuka. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, msafiri wa kutoka Mombasa kwenda Malindi alifika ukingoni akangoja feri. Mzigo haukuvuka wenyewe, ulivushwa.

Kondo ni hivyo hivyo. Upande mmoja kuna damu ya mama, upande wa pili damu ya mtoto, na kwa kawaida damu hizo hazichanganyiki. Katikati kuna utando mwembamba. Kila kitu kinachomjenga mtoto, iwe hewa ya oksijeni, sukari, protini, mafuta, madini au vitamini, lazima kivuke hapo ndipo kipitie kwenye kitovu hadi kwake. Uchafu wa mtoto nao hurudi kwa njia hiyo hiyo ili mama autoe.

Mimba ikikomaa, kondo huwa na uzani wa karibu nusu kilo na upana kama wa sahani ya chakula. Lakini ndani yake kuna vidole vidogo sana vilivyojikunjakunja. Ukivikunjua vyote na kuvitandaza chini, vitafunika zaidi ya mita 10 za mraba, yaani sakafu ya chumba kidogo cha kulala. Damu ya mama inayopita kwenye mfuko wa uzazi wakati huo ni zaidi ya nusu lita kila dakika. Kiungo hiki hufanya kazi usiku na mchana, na chenyewe pia kinakula. Sehemu kubwa ya oksijeni na sukari inayofika pale hutumiwa na kondo lenyewe kabla mtoto hajapata chochote.

Sasa, si kila mzigo huvuka kwa namna moja. Sukari hufuata wingi: ikizidi kwa mama, nyingi zaidi huvuka kwenda kwa mtoto. Vijenzi vya protini, vinavyoitwa asidi amino, havivuki hivyo. Kwa kawaida huwa vingi zaidi katika damu ya mtoto kuliko ya mama, kwa hiyo lazima visukumwe kama mtu anayepandisha mkokoteni mlimani. Kondo lina wabebaji maalumu wa kazi hiyo, na kazi hiyo inataka nguvu. Madini ya chuma na ya kalsiamu nayo yana wabebaji wake.

NENO LA KWANZA: "MTOTO ATACHUKUA CHAKE"

Kuna ukweli kidogo hapa. Mama asipopata chuma cha kutosha, kondo hujitahidi kumpa mtoto kilichopo, na mama ndiye anayeanza kuishiwa damu. Ndiyo maana mnaona mjamzito anachoka, anaona kizunguzungu na viganja vyake vimepauka.

Lakini kondo si mwizi anayeweza kuiba bila kikomo. Fikirini mwenye vyombo vya kuvukia. Akiona mwezi wa kwanza mzigo umekuwa haba, mwezi wa pili hali ni ile ile, atafanya nini? Atapunguza vyombo na wafanyakazi, kwa sababu kuwaweka ni gharama. Kondo nalo hufanya hivyo. Linapima hali ya mama: chakula kinachoingia, homoni zake, oksijeni katika damu yake. Likiona hali ni ya upungufu, hupunguza wabebaji, na mtoto hupunguza kasi ya kukua ili atoshane na kinachomfikia.

Wanasayansi walijiuliza kipi kinatangulia. Je, mtoto hudhoofika kwanza, kisha kondo likalegea kwa kuwa hakuna wa kumhudumia? Au kondo hulegea kwanza? Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa panya wenye mimba waliolishwa chakula chenye protini kidogo. Uwezo wa kondo kuvusha asidi amino ulipungua kabla watoto hawajaanza kudumaa. Kivuko ndicho kilichotangulia kupunguzwa. Kwa binadamu pia, makondo ya watoto waliodumaa tumboni yameonekana kuwa na uwezo mdogo wa kuvusha asidi amino.

Basi mama anayesema mtoto atachukua chake, nitamjibu hivi: mtoto hachukui, anavushiwa. Na anayevusha hutazama kwanza sahani yako.

MFANO WA GAMBIA

Habari njema ni kwamba jambo hili linaweza kurekebishwa, hata kwa chakula cha kawaida. Katika nchi ya Gambia, Afrika Magharibi, kuna eneo la wakulima liitwalo West Kiang. Kuanzia mwezi wa Juni hadi Oktoba ghala huwa tupu na kazi ya shamba huwa nzito. Watoto waliozaliwa msimu huo walikuwa na uzani mdogo kuliko wenzao wa msimu wa mavuno. Wakulima wenzangu wa Ganze na Magarini, hali hiyo mnaijua bila kuelezwa na mtu.

Watafiti walifanya kazi katika vijiji 28 kwa miaka mitano. Waliwapa wajawazito biskuti zilizookwa kwa njugu karanga, unga wa mchele, sukari na mafuta ya njugu, kila siku, kwa takriban wiki 20 za mwisho za mimba. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Kwa wastani wa mwaka mzima, watoto wa akina mama hao walizaliwa na gramu 136 zaidi. Katika msimu wa njaa nyongeza ilikuwa gramu 201, na msimu wa mavuno gramu 94. Zaidi ya hayo, watoto waliozaliwa wamekufa na waliokufa wiki ya kwanza walipungua karibu nusu.

Sikilizeni hesabu hizo vizuri. Chakula kilisaidia zaidi pale palipokuwa na njaa zaidi. Na gramu 200 si kitu kidogo kwa mtoto mchanga. Mtoto anayezaliwa chini ya kilo mbili na nusu huhesabiwa kuwa na uzani mdogo. Hupoteza joto upesi, hushikwa na maradhi kwa urahisi, na mara nyingi hunyonya kwa shida. Gramu hizo zinaweza kumvusha mpaka huo.

NENO LA PILI: "NIKILA SANA NITAPASULIWA"

Hofu hii naiheshimu, kwa sababu uzazi mgumu unaua. Lakini tutenganishe mambo mawili.

Mtoto anayezidi ukubwa mara nyingi ni wa mama mwenye sukari nyingi kwenye damu au uzani uliopita kiasi. Nilisema sukari hufuata wingi. Sukari ya mama ikipanda, inavuka. Lakini insulini, ile homoni ya kushusha sukari, ya mama haivuki. Kwa hiyo mtoto hutengeneza insulini yake kwa wingi, na insulini hiyo inamfanya aweke mafuta mwilini na kunenepa. Dawa ya hofu hii ni kupimwa sukari kliniki na kupunguza soda, chai ya sukari nyingi, mandazi na vyakula vya kukaanga kila siku. Dawa yake si kulala njaa.

Mama anayejinyima hapunguzi uchungu. Nyonga yake haipanuki kwa sababu hakula. Anachopunguza ni nguvu zake za kusukuma na damu yake mwenyewe. Mwanamke mwenye damu kidogo akivuja kidogo tu wakati wa kujifungua, yuko hatarini. Anafika leba amechoka, na mtoto naye amefika mdogo na dhaifu. Hapo hakuna aliyefaidika.

NENO LA TATU: "TUMBO BADO HALIJAONEKANA"

Hili ndilo linalonikosesha usingizi. Kondo hujengwa mapema. Mwisho wa mwezi wa tatu umbo lake limeshakamilika na damu ya mama inapita humo kikamilifu. Mfereji wa uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hufunga siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hata hawajajua kwamba wana mimba. Ukingoja tumbo lionekane, msingi umeshamwagwa.

Historia ina ushahidi wake. Majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu wa magharibi mwa Uholanzi walikumbwa na njaa kali kwa miezi kadhaa. Kabla na baada ya hapo walikuwa na chakula, kwa hiyo watafiti waliweza kujua ni mwezi gani wa mimba mama alishinda na njaa. Waliopata njaa miezi ya mwisho walizaa watoto wadogo, pungufu kwa takriban gramu 300. Waliopata njaa miezi ya mwanzo, kisha wakala vizuri, walizaa watoto wa uzani wa kawaida. Ungedhani wamesalimika. Lakini watoto hao walipokuwa watu wazima, walionekana kuugua moyo zaidi kuliko wenzao.

Kwa hiyo mizani ya siku ya kuzaliwa haielezi yote. Miezi ya kwanza inajenga kivuko, miezi ya mwisho inapitisha mzigo mkubwa. Yote miwili inahitaji chakula.

MALARIA HUJIFICHA HAPO HAPO

Sisi watu wa Pwani tuna adui mwingine wa kondo. Vimelea vya malaria vina tabia ya kung'ang'ania ndani ya kondo. Mama anaweza kutembea bila homa, lakini kivuko kimejaa maadui, damu inapita kwa shida na mtoto anakosa chakula hata kama mama anakula. Ndiyo sababu kliniki mnapewa tembe za kuzuia malaria, za SP, kuanzia mwezi wa nne wa mimba, na kurudiwa kila ziara mradi umepita mwezi mmoja. Mama anayetumia septrin amwambie mhudumu, kwa sababu hapaswi kutumia zote mbili. Na chandarua ni cha kulalia, si cha kufugia vifaranga wala kuzungushia miche.

Muguka, miraa, sigara na pombe navyo nivitaje. Muguka huondoa hamu ya kula na hubana mishipa ya damu. Mjamzito anayetafuna amekipunguzia kivuko mzigo na njia kwa wakati mmoja.

SAHANI YA MJAMZITO WA KILIFI

Sitawatuma dukani kununua vyakula vya kopo. Tuanze na tulivyo navyo.

Sima tunayo, muhogo tunao. Vinatupa nguvu, lakini protini yake ni kidogo. Mkokoteni wa asidi amino hausukumwi kwa sima na chai. Weka kunde, pojo, mbaazi au maharagwe kila siku. Weka dagaa au samaki wadogo wa kukausha, waliwe na mifupa yao, maana mna kalsiamu humo. Yai moja kwa siku si anasa. Ukiwa na kuku watano, usiuze mayai yote ili ununue soda.

Mboga zetu ni hazina: mchunga, mchicha, kisamvu, mnavu, majani ya kunde na ya maboga. Chuma cha mboga huingia mwilini kwa shida kidogo, kwa hiyo kule pamoja na kitu cha uchachu au tunda: ndimu, chungwa, embe, papai bivu. Chai na kahawa huzuia chuma, basi zisinywewe pamoja na chakula. Ngoja saa moja au zaidi. Tumia chumvi iliyotiwa iodini.

Mjamzito aongeze mlo mmoja mdogo kwa siku juu ya milo yake ya kawaida: uji wa wimbi uliotiwa njugu zilizosagwa, kiazi kitamu na maziwa, au kunde za nazi. Anayetapika ale kidogo kidogo mara nyingi. Anayetamani udongo au odowa aje kliniki. Udongo huzuia chuma na unaweza kuleta minyoo, na mara nyingi hamu hiyo yenyewe ni dalili kwamba damu imepungua.

Hata ukila vizuri, tembe za chuma na foliki unazopewa kliniki ni lazima. Meza moja kila siku mpaka ujifungue. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni chuma. Zikikuletea kichefuchefu, meza usiku baada ya kula, na ukizidiwa rudi utushauri. Usizifiche chini ya godoro.

Kwa dada zetu Waislamu, mnajua dini imempa mjamzito ruhusa ya kutofunga anapohofia afya yake au ya mtoto. Zungumza na mhudumu wa afya na sheikh wako kabla ya Ramadhani, usiamue peke yako kwa kuona haya.

KILA MMOJA ANA KAZI

Sasa nirudi kwa wanaume, kama nilivyoahidi. Katika nyumba zetu nyingi mama hupakua wa mwisho. Baba amepata mnofu, watoto wamepata mchuzi, na mama amebaki na ukoko wa sufuria. Halafu yeye huyo ndiye anayeteka maji na kubeba kuni. Anayekula kidogo na kufanya kazi nyingi hana kinachobaki cha kuvusha. Baba, ukitaka kumlisha mtoto wako aliye tumboni, hakuna njia nyingine ila kumlisha mama yake. Mpakulie yeye kwanza. Mtafutie mtungi mmoja wa maji. Mpe nauli ya kliniki bila kuombwa mara tatu.

Kina mama wakwe, ninyi ndio wenye sauti. Ukimwambia mkaza mwanao, "Kula mayai mwanangu, miiko hiyo tuliiacha," atakula. Mimi nikimwambia, atanisikiliza kisha akifika nyumbani atakuuliza wewe.

Wahamasishaji wetu wa afya, mkisikia msichana amekosa hedhi, msingoje tumbo. Mleteni kliniki kabla ya mwezi wa tatu kwisha. Atapimwa damu, uzani, presha na mzingo wa mkono, na kila kitu kitaandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu mara nane. Aliyekonda sana tutamtambua mapema na kumsaidia, lakini si kama atakuja mwezi wa nane.

Na ninyi mabinti ambao bado hamjaolewa, haya yanawahusu. Damu mtakayoingia nayo kwenye mimba mnaijenga sasa.

Mwaka 1991 sisi watu wa Kilifi tulipata daraja, tukaacha kungoja feri. Mtoto aliye tumboni hana daraja. Ana kivuko kimoja tu, kwa miezi tisa, na mzigo wake unapakiwa jikoni kwetu. Leo jioni, sima itakapoivuliwa, tazameni sahani ya mjamzito wa nyumba yenu ina nini.

Mwenye swali aulize, na asiyetaka kuuliza mbele ya watu aje kliniki tuzungumze.